Kuchagua fremu ya baiskeli ya mlima yenye shokapu mbili kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili kwa waendesha baiskeli wa Arusha na Moshi

Fremu ya kwanza ya shokapu mbili niliyonunua niliipata Moshi, kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Rangi bado inang'aa, bei chee, nikarudi nayo Arusha kwenye Coaster nimeipakata mapajani kama mtoto. Siku mbili baadaye fundi wangu wa Ngarenaro aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akabandua stika iliyokuwa pembeni ya bomba la kiti, akanyamaza.

"Kaka, hebu nimulikie hapa na simu."

Chini ya stika palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya bomba. Stika ile haikuwa ya kiwandani. Kuna mtu aliibandika akijua anachofunika, na jambo hilo liliniuma sana, maana nilikuwa nimepanga kushuka nayo Kibosho kabla wiki haijaisha.

Tangu hapo nimesimama na watu wengi wakichagua fremu, na nimeona kwamba ufa sio unaowatesa walio wengi. Wengi hununua fremu nzima kabisa, halafu fremu yenyewe inaanza kuwadai: inataka shokapu ya saizi yake peke yake, beringi ambazo mjini hazipo, ekseli isiyoingia kwenye gurudumu walilonalo. Kwa mwenye bajeti ndogo, fremu ya bei nafuu ni ile yenye madeni machache. Hapa chini ni namna ya kuyahesabu madeni hayo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwanza jiulize unapita wapi

Kama Jumamosi zako ni barabara za vumbi katikati ya mashamba ya kahawa, njia za karibu na Ziwa Duluti kule Tengeru, au tambarare za miwa kusini mwa Moshi, usinunue shokapu mbili. Baiskeli yenye shokapu ya mbele peke yake itakuwa nyepesi zaidi, itapanda vizuri zaidi, na kwa pesa ileile utapata vifaa bora. Nasema haya nami ni mpenzi mkubwa wa shokapu mbili.

Shokapu ya nyuma inapata kazi kwenye miteremko. Njia za miguu zinazoshuka kutoka juu ya Ilboru, au zile zinazokata migombani Machame, Kibosho na Uru, hubadilika kila masika. Mvua za Machi hadi Mei huchimba mfereji katikati ya njia, mizizi inabaki wazi, na mawe ya volkano yanachomoza pale ambapo mwezi uliopita palikuwa udongo laini. Hapo gurudumu la nyuma linarukaruka, breki haishiki kwa sababu tairi haigusi chini, na kiuno ndicho kinacholipa. Shokapu ya nyuma inairudisha tairi ardhini.

Kwa njia hizi, fremu inayoruhusu gurudumu la nyuma kupanda milimita 120 hadi 140 inatosha kabisa. Moshi mjini pako chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na lango la Machame liko karibu mita 1,800. Kila mita utakayoshuka utakuwa umeipanda kwa miguu yako mwenyewe. Fremu ya milimita 160 na kuendelea hujengwa nzito na ya kulala nyuma, kwa ajili ya watu wanaopelekwa kileleni na gari. Bei yake ya mtumba inaweza kuvutia, lakini iache.

Gawa pesa kabla hujaona fremu yoyote

Chukua bajeti yako, tenga theluthi moja, ifungie pembeni. Mwenye laki tisa atafute fremu ya laki sita. Hiyo laki tatu iliyobaki si akiba ya hisani, ni gharama ya uhakika: beringi mpya za maungio, bushi za shokapu, mipira ya kuzuia hewa ndani ya shokapu, pampu ya shokapu kama huna, na beringi za usukani. Fremu ya mtumba isiyohitaji hata kimoja kati ya hivyo sijawahi kuiona.

Pia kabla ya kuamua kununua fremu tupu, angalia baiskeli nzima. Arusha na Moshi tuna bahati moja: wageni wanaokuja kufanya kazi au kujitolea kwa mwaka mmoja au miwili huja na baiskeli zao au hununua huku, na wakiondoka hawapendi kuzisafirisha. Baiskeli nzima ya mtumba mara nyingi inazidi bei ya fremu tupu kwa kiasi kidogo tu, na ndani yake kuna gurudumu lenye ekseli sahihi, krenki inayoingia, nguzo ya kiti ya kipenyo sahihi, na kishikio cha kihamisha cheni. Yaani madeni mengi yameshalipwa. Fremu tupu ina maana kwa mtu ambaye tayari ana vifaa vizuri kwenye baiskeli iliyovunjika, au aliyepata fremu bora kuliko vifaa vyake.

Suala la ukubwa wa gurudumu nitalimaliza kwa ufupi. Inchi 29 inapita juu ya mawe kwa urahisi, inchi 27.5 ilianza kuenea kuanzia 2013 na 2014, na inchi 26 ndiyo ya zamani. Kwa mwenye pesa kidogo, fremu nzuri ya inchi 26 iliyotengenezwa kati ya 2006 na 2013 ni chaguo la heshima. Dunia imeikimbia, kwa hiyo bei imeshuka kuliko thamani yake, na tairi na tyubu za 26 utazipata hata kwenye duka la vipuri la kijijini. Ukiwa na urefu unaozidi mita 1.80, tafuta 29.

Shokapu ya nyuma: hapa ndipo pesa inapopotelea

Shokapu ya nyuma inatambulika kwa namba mbili. Ya kwanza ni urefu wake, kutoka katikati ya tundu la bolti la juu hadi katikati ya tundu la chini, ikiwa imenyooka kabisa. Ya pili ni mwendo wa pistoni, umbali inaozama hadi mwisho. Fremu nyingi za kabla ya 2016 zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi, ambavyo kwa milimita vinasomeka 165 kwa 38, 190 kwa 51, 200 kwa 51, 200 kwa 57 au 216 kwa 63. Mwaka 2016 kampuni ya RockShox ilileta mpangilio mpya wa milimita kamili, kama 210 kwa 50, 210 kwa 55, na 230 kwa 60 au 65. Kuna pia aina inayofungwa kwa bolti mbili zinazoingia moja kwa moja kwenye mabega ya shokapu, bila tundu la juu. Shokapu ya vipimo hivi vipya haiingii kwenye nafasi ya zile za inchi, na hakuna fundi atakayeilazimisha bila kuharibu fremu.

Kwa bajeti ndogo, tafuta fremu inayotumia 190 kwa 51, 200 kwa 57 au 210 kwa 55, yenye tundu la kawaida juu na chini. Hizo zilitumika kwenye fremu nyingi sana, na shokapu za mtumba za saizi hizo hazikosekani. Usikubali maneno ya "shokapu ipo, inafanana tu." Pima mwenyewe.

Zipo fremu nzuri zilizofungwa na shokapu ambazo hazina mbadala. Cannondale Jekyll za kizazi cha shokapu ya DYAD na Scott Genius za zamani zilitumia shokapu inayovutwa badala ya kukandamizwa. Trek kadhaa zilikuja na mfumo wa DRCV wenye chumba cha ziada cha hewa, na Specialized nyingi zina kishikio maalumu kinachoziba njia ya shokapu za kawaida. Hizi si fremu mbaya. Zikiwa mpya ziliendeshwa kwa raha. Lakini shokapu yake ikifa ukiwa Sakina, unabaki na pambo la ukutani. Ukiletewa fremu ya namna hiyo, bei yake iwe ya chini sana na shokapu iwe hai mbele ya macho yako.

Hesabu nyingine ya kufanya ni uwiano wa wenzo. Gawa mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa pistoni. Fremu ya milimita 130 yenye pistoni ya 51 inakupa 2.55. Ya milimita 150 kwa pistoni ileile inakupa 2.94. Namba ikikaribia 3 au kuipita, shokapu inabebeshwa nguvu kubwa: mtu wa kilo 90 atalazimika kujaza hewa hadi karibu na kikomo kilichoandikwa kwenye shokapu, na mipira ya ndani itachoka mapema. Mwenye mwili, chagua fremu iliyo karibu na 2.5. Mwepesi wa kilo 60 hana sababu ya kuhangaika.

Neno moja kuhusu baiskeli mpya za bei ya chini zenye springi nene ya rangi nyekundu katikati, imeandikwa 650 au 750 LBS. Namba hiyo ni ugumu wa springi, paundi kwa kila inchi, na haisemi chochote kuhusu ubora. Ndani ya springi nyingi za namna hiyo hakuna mafuta ya kutuliza, kwa hiyo ikikandamizwa inarudi juu kwa kishindo, na maungio yake ni bushi za plastiki. Fremu yake ya chuma ni nzito. Kwa pesa hiyo nunua mtumba wa shokapu ya mbele peke yake, na utanishukuru kwenye mlima wa kwanza.

Mkono wa nyuma: hesabu maungio

Mkono wa nyuma ni ile sehemu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka kwenye maungio. Kila ungio ni beringi mbili, na kila beringi ina siku yake ya kufa. Vumbi letu, hasa lile laini la Ngaramtoni na Kisongo wakati wa kiangazi, linaingia popote.

Muundo rahisi kuliko yote una ungio moja kubwa mbele ya krenki, na shokapu inasukumwa moja kwa moja na mkono wa nyuma. Orange za Uingereza na Santa Cruz Heckler za zamani ni za aina hii. Beringi mbili, bolti moja nene, kazi imekwisha. Ukifunga breki kwenye mteremko mkali, mgongo wa nyuma hukakamaa kidogo, lakini ndio muundo ninaompendekezea mtu wa kwanza kununua.

Zinafuata zenye mikono minne. Nyingi, zikiwemo Cube AMS na Canyon Nerve, zina ungio dogo mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kwenye bomba la chini. Wazo hilo ni la mbunifu Horst Leitner, na kwa miaka mingi hataza yake Marekani ilishikiliwa na Specialized hadi ilipoisha mwaka 2013. Zinafuata ardhi vizuri hata ukiwa umeshika breki, ila zina beringi nane au zaidi. Kona na nyingine nyingi zinafanana nazo kwa mbali, isipokuwa ungio la nyuma liko juu ya ekseli. Giant Maestro na Santa Cruz VPP zina viungo viwili vifupi karibu na krenki, zinapanda vizuri ajabu, lakini kiungo cha chini kinakaa palepale tope linapodondokea.

Muulize muuzaji namba za beringi, au zisome mwenyewe pembeni ya mpira wa beringi. 6902 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 28 na unene 7. 6900 ni 10, 22 na 6. 6802 ni 15, 24 na 5. Andika namba, kisha pita kwenye maduka ya beringi mjini kabla ya kulipia fremu. Beringi za 6301 zinazotumika kwenye magurudumu ya pikipiki nyingi zipo kila kona, lakini ni nene, haziingii humu. Hizi nyembamba hupatikana kwa wanaouza vipuri vya mota za umeme na mashine. Hakikisha zina mpira pande zote mbili, alama yake 2RS. Za kiwandani mara nyingi hujazwa gololi bila kizimba cha kuzitenganisha, kwa kuwa ungio halizunguki mzunguko mzima. Ukikosa hizo, za kawaida zitafanya kazi, ila jiandae kuzibadilisha mapema zaidi.

Vipimo vya kuchukua na kalipa

Nunua kalipa, kile kifaa cha kubana kinachopima upana na kipenyo, hata ya plastiki. Nenda nayo kwa muuzaji bila aibu.

Anza na kichwa cha fremu, mahali shina la shokapu ya mbele linapopita. Pima upana wa ndani juu na chini. Ukipata milimita 34 kote, ni mfumo wa zamani wa shina lililonyooka la inchi moja na moja ya nane. Shokapu za mbele za kisasa zenye shina linalopanuka chini hazitaingia. Ukipata 44 juu na chini, umebahatika, kwa sababu ukifunga kikombe cha nje upande wa chini itapokea aina zote mbili. Ukipata 44 juu na 56 chini, ni mfumo wa kisasa. Giant kadhaa za kuanzia 2012 zina shina nene zaidi hata juu, inchi moja na robo. Hizo zinahitaji beringi za kupunguza tundu. Shokapu ya mbele pia isizidi ile fremu iliyotengenezewa kwa zaidi ya milimita 20, kwani kila milimita 20 huilaza pembe ya usukani kwa takriban digrii moja na kuongeza mzigo kwenye maungio ya kichwa.

Njoo nyuma. Pima nafasi kati ya masikio yanayoshika ekseli. 135 ni ya kibano cha haraka. Ekseli nene ya milimita 12 inakuja kwa 142, na kuanzia 2015 kwa 148. Habu nyingi za 142 zinaweza kugeuzwa kuwa 135 kwa kubadilisha vifuniko vya pembeni. Gurudumu la 148 halirudi nyuma hivyo. Kama una gurudumu zuri la 135, fremu ya 148 inakununulisha gurudumu, na pengine krenki.

Kwenye bomba fupi la krenki, ingiza kidole. Ukigusa uzi wa kusokota, furahi. Upana uwe 68 au 73, na vikombe vyake vinapatikana kirahisi. Kumbuka upande wa cheni uzi wake ni wa kinyume: unafungua kwa kuzungusha kuelekea kulia. Nimeona bomba zilizoharibiwa na mtu mwenye nguvu asiyejua hilo. Ukigusa ukuta laini, beringi zake hupigiliwa kwa kukandamizwa, mfano wa tundu la 41 lenye upana karibu 92. Zinafanya kazi, lakini vumbi likiingia zinalia, na kuzitoa kunataka zana.

Nguzo ya kiti ina namba yake imegongwa: 27.2, 30.9, 31.6 au 34.9. Kati ya 30.9 na 31.6 ni pungufu ya milimita moja tu, na bado haviingiliani. Kishikio cha kihamisha cheni, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachopinda ili fremu isipinde, kina umbo tofauti karibu kwa kila fremu. Kuanzia 2019 kampuni ya SRAM ilileta kimoja cha wote, UDH, lakini fremu za bajeti yetu nyingi ni za kabla ya hapo. Agiza viwili mapema, kimoja kiweke kwenye mfuko wa zana.

Mwisho, weka gurudumu lenye tairi unayotumia na upitishe kidole pembeni yake kila upande. Kidole kisipopita, udongo mweusi wa masika utaifunga baiskeli kabla hujafika mbali.

Siku ya kukagua

Nenda mchana, kwenye mwanga wa jua, na ubebe kitambaa, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, tochi, funguo za pembe sita na pampu ya shokapu. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Futa kwanza. Mafuta ya taa huondoa vumbi na, ukiacha yakauke dakika chache, hubaki ndani ya ufa na kuchora mstari mweusi. Pitia mahali hapa kwa utaratibu, hata kama unaharakishwa: mshono wa bomba la kiti na bomba la juu, chini ya kichwa cha fremu, kuzunguka vishikio vya shokapu, nyuma ya krenki, na bomba za nyuma za chini karibu na maungio. Pitisha ukucha. Mkwaruzo wa rangi unasikika mwanzo na mwisho. Ufa unaunasa ukucha. Kila stika isiyo ya kiwandani ibanduliwe. Akikataa, shukuru na uondoke. Angalia pia ndani ya bomba la kiti kwa tochi, maana nguzo iliyowekwa juu kupita alama yake hupasua bomba hapo kwanza.

Sasa maungio. Simama nyuma ya fremu, mkono mmoja ushike mkono wa nyuma karibu na ekseli, mwingine ushike bomba la kiti. Sukuma kushoto na kulia. Fremu yenye afya inatoa ukimya. Ukisikia "tak, tak," weka kidole gumba kwenye kila ungio kwa zamu huku mwenzako akisukuma. Utaisikia ile inayocheza kwenye ngozi. Beringi iliyochoka si sababu ya kuacha fremu, ni sababu ya kushusha bei. Tundu la beringi lililopanuka, kiasi kwamba beringi mpya inaingia kwa kidole, ndilo la kuogopa. Jaribu pia kulegeza bolti moja ya ungio. Ikiwa imeganda au uzi umeliwa, hesabu safari ya kwa fundi wa kuchonga.

Kisha toa hewa yote kwenye shokapu, kandamiza fremu hadi mwisho ikiwa na gurudumu la nyuma. Tairi isiguse bomba la kiti wala mkono wowote. Ikigusa, kuna aliyeweka shokapu yenye pistoni ndefu kuliko fremu ilivyokusudiwa. Jaza hewa tena, subiri robo saa, pima. Shinikizo likishuka sana, mipira ya ndani inahitaji kubadilishwa, kazi ya kawaida. Ikibonyea na kurudi ikitoa sauti ya kufyonza kama ndara kwenye matope, mafuta yamechanganyika na hewa, na hiyo ni gharama kubwa zaidi. Nguzo inayong'aa ya shokapu yenye mkwaruzo unaonasa ukucha, hesabu ni shokapu iliyokufa.

Namba ya fremu mara nyingi iko chini ya bomba la krenki. Piga picha, itafute kwenye sajili ya intaneti ya Bike Index kuona kama imeripotiwa kuibwa, na andikishaneni mauziano yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Baiskeli iliyoibwa ina mwenyewe anayeililia mahali fulani.

Kaboni na kuchomelea

Kaboni ya mtumba kwa bajeti ndogo, sishauri. Jiwe likiigonga chini, uharibifu unaweza kujificha ndani ya rangi nzima. Aluminiamu inaonyesha jeraha lake.

Lakini aluminiamu nayo haichomelewi ovyo. Fremu nyingi ni za 6061 au 7005, na nguvu ya 6061 inatokana na kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu. Fundi wa mageti akichomelea ufa, hata kwa mkono mzuri, eneo linalozunguka mshono linalegea na kurudi kuwa laini. Litashika mwezi mmoja kwenye lami. Kwenye mteremko wa Uru litaachia bila taarifa. Fremu iliyochomelewa karibu na kichwa au maungio usiinunue hata kwa bei ya chai. Ile ya kwangu niliikata kwa msumeno vipande viwili, ili asije mwingine akaibandikia stika.

Ukiagiza kutoka nje

Fremu ya aluminiamu na shokapu yake ina uzito wa kilo tatu na kitu, kwa hiyo inasafirishika. Mpe wakala wa forodha maelezo kamili kabla hujalipa chochote, akupigie hesabu. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya bei, nauli, bima na ushuru wa kuingiza, si juu ya bei ya fremu peke yake, na hapo ndipo wengi hushangaa. Ukiwa na ndugu au rafiki anayetua KIA, mwombe aibebe kwenye begi lake, na umtumie fedha ya ushuru atakaodaiwa. Muuzaji wa nje akutumie picha za maeneo yote niliyotaja hapo juu, pamoja na video ya mtu akisukuma mkono wa nyuma, sauti ikiwa imewashwa.

Ukishaifikisha nyumbani

Toa beringi zote kabla ya kuendesha. Huhitaji mashine: bolti ndefu, nati, washa bapa, na soketi mbili za gereji. Soketi kubwa inakaa upande wa kupokea, ndogo inasukuma. Unapoingiza mpya, soketi iguse ukingo wa nje wa beringi tu. Ukisukuma ukingo wa ndani, unaumiza gololi kabla hazijafanya kazi. Paka grisi tunduni, gundi ya uzi kwenye bolti, na kaza kwa kipimo cha kiwanda. Baada ya hapo usiipeleke kamwe kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji ya presha hupita mipira ya beringi na kuifukuza grisi. Ndoo na brashi vinatosha.

Kisha hewa. Pampu ya tairi na kompresa ya mtaani hazifiki shinikizo la shokapu. Ni lazima pampu yake. Vaa unavyovaa safarini, begi la maji mgongoni, egemea ukuta, kaa kwenye kiti taratibu. Sogeza kile kipete cha mpira hadi kwenye shingo ya shokapu, shuka bila kurukaruka, pima kilivyosogea. Lengo ni asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa pistoni: kwa pistoni ya 51, milimita 13 hadi 15, kwa ya 57, milimita 14 hadi 17. Imezidi, ongeza hewa. Imepungua, toa kidogo. Ukipata namba yako, iandike kwenye kipande cha plasta na ukibandike chini ya bomba la juu, kisha baada ya safari ya kwanza ya matuta pitia bolti za maungio zote tena na ufunguo.